Mwasumini wa bibi umeacha kuchanua: je, unaomboleza?

Swali: Assalamu alaykum, mwalimu. Naishi Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba aliyotuachia bibi yetu mzaa mama. Kiwandani, yaani uani mwa nyumba, mna mwasumini alioupanda mwenyewe kabla mama hajazaliwa. Bibi alipofiwa na babu miaka mitatu iliyopita alikaa eda, na tangu hapo hakuchuma tena asumini. Mwaka jana naye akatutangulia. Sasa mti umekuwa mkubwa, umejaa majani, lakini maua kwa mwezi mzima hayafiki kumi. Majirani wengine wanasema unamwomboleza mwenyewe, hautachanua tena. Wengine wanasema ua linalonukia usiku huita majini na nyoka, niukate. Mama hataki hata kulisikia hilo. Nini maana ya ua hili, na nifanye nini?

Jibu: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Mungu awarehemu bibi na babu yako. Usiukate. Natanguliza neno hilo ili mama yako apate usingizi, kisha tuzungumze kwa nafasi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jawabu limo humo humo: bibi alipokaa eda aliacha kuchuma. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi 4 na siku 10 bila kujipamba wala kujitia manukato, na asumini kwetu ni pambo na ni manukato kwa pamoja. Bibi yako alilinda adabu ya dini yake. Eda ikaisha, lakini mkono haukurudi mtini. Nimewaona wajane wengi wa namna hiyo, huko Lamu nilikokulia na huku Malindi kilipo kitalu changu. Mume aliyekuwa akitungiwa asumini hayupo tena, mtu atamchumia nani? Basi mti ukakaa miaka mitatu bila mkono wala mkasi, na mwasumini ni mti usiostahimili kuachwa.

Hebu toka kiwandani sasa hivi ushike tawi moja, lile refu lililoegemea ukuta. Anzia chini. Gamba ni la kijivu, limekakamaa, halina hata jani. Panda nalo mpaka ufike mahali rangi inapogeuka kijani na tawi linapinda bila kuvunjika. Hapo majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, pengine matatu kwenye kifundo kimoja. Sasa fika ncha kabisa. Maua ya asumini hutoka hapo, kwenye ncha ya chipukizi changa, mara nyingi matatu kwa pamoja, la kati likitangulia kufunguka na wenzake wa ubavuni wakifuata. Chipukizi lenye nguvu hubeba hata kumi na mawili. Tawi kuukuu halikupi kitu. Kwa hiyo mti wenye ncha changa 20 una nafasi 20 za kuchanua, na wenye ncha 200 una nafasi 200. Na ncha huongezeka kwa kukatwa: ukivunja moja, macho mawili yaliyolala kwenye makwapa ya majani chini yake huamka, na kila moja hutoa tawi lake. Bibi yako alipokuwa akichuma kila alasiri, kucha zake zilikuwa zikiondoka na vijincha pamoja na matumba. Huko ndiko kupogoa kwenyewe, ingawa hakukuita hivyo.

Majirani zako siwalaumu. Wameona mambo mawili ya kweli yametokea pamoja, bibi kujitenga na mti kunyamaza, wakayaunga. Muungano upo kweli, ila umepitia mkononi. Mti haukujua kwamba babu amefariki. Ulijua tu kwamba hauguswi.

Tuje kwenye majini. Majini yapo, na sura nzima ya Qur'ani, ya 72, imeitwa kwa jina lao. Lakini hakuna aya inayowafunga na asumini. Ua hili halikutajwa katika Qur'ani hata mara moja. Lililothibiti katika hadithi ni kuwaingiza watoto ndani jua linapotua, kwa kuwa mashetani huenea saa hiyo. Na asumini hufunguka saa hiyo hiyo. Tumba lililokuwa limefumba kama punje ya mchele mnono wakati wa alasiri huanza kulegea jua likizama, na wakati wa isha limeshafunguka na nyumba nzima inanukia. Mimi naamini wazee waliowakataza watoto kucheza nje magharibi waliuingiza na mti katika katazo hilo, na mjukuu akakumbuka mti akasahau saa. Sababu ya ua kufunguka usiku ni nondo. Ua jeupe huonekana gizani, na harufu humfikia nondo aliye mbali asiyeliona. Ndiyo maana maua mengi ya usiku ni meupe na yananukia sana, na yale mekundu yasiyo na harufu huchanua mchana kutwa.

Nyoka haji kwa harufu. Nyoka huja kwa panya na mijusi, na panya hukaa penye takataka na kivuli kizito. Mti uliojiachia miaka mitatu ukagusa ardhi kila upande, chini yake majani makavu yamerundikana, ni nyumba nzuri kwa panya. Hapo jirani yako ana haki, na dawa ni fagio na mkasi, siyo shoka.

Sasa umeniuliza maana, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu siku hizi watu hufungua intaneti wakaokota maana za asumini za kila taifa wakazibandika kwenye mti wa nyumbani kwao. Ua hili limezunguka dunia. Wataalamu wa mimea huliita Jasminum sambac, na Wazungu wakalipa jina la asumini ya Kiarabu kwa vile walilipokea kupitia kwa Waarabu, lakini asili yake ni Asia ya kusini, pande za India. Jina lenyewe, yasmini, ni la Kiajemi. Ufilipino walilifanya ua la taifa mwaka 1934, wao huliita sampagita. Indonesia nao wakaliweka miongoni mwa maua yao ya taifa mwaka 1993, kwa jina la melati. Wachina hulilaza na majani ya chai usiku ili chai inywe harufu. Kusini mwa India, katika mji wa Madurai, wakulima huliuza kwa kilo, na mwaka 2013 asumini ya huko ilisajiliwa kwa jina la mahali pake ili mwingine asilitumie. Wahindu hulitungia makoja ya ibada. Kila watu wameliwekea jambo lao, na ni haki yao. Maana ya mwasumini wa Mkomani itafutwe Mkomani.

Na kwetu ipo, tena imeandikwa. Mwana Kupona wa Pate, katika utenzi wa wosia aliomtungia bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anamfundisha namna ya kukaa na mumewe, na ndani yake anamwambia aoge, ajisinge, afunge nywele zake, atunge asumini aziweke kitandani. Fikiri mama anayejua kwamba siku zake ni chache. Ana beti za kuhesabu, ana dini ya kumfunza mwanawe, ana ulimwengu wa kumtahadharisha nao, na bado akaona asumini inastahili nafasi humo. Mimi hilo hunitosha kujua uzito wa ua hili katika nyumba za Waswahili. Hakuliweka kuwa pambo la kuonyesha watu barabarani. Ni la ndani, la baina ya mtu na mwenzake, la usiku.

Upande wa pili ni wa dini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema katika hadithi aliyoipokea Muslim kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Rehani kwa Kiarabu siyo ule mrehani wetu tu. Wanavyuoni wameieleza kuwa ni kila mmea wenye harufu njema. Na katika Surat al-Waqi'a, aya ya 89, waliokaribishwa kwa Mola wao wameahidiwa raha, na rehani, na pepo ya neema. Kwa hiyo ukimpa mtu kikuba, kile kifungu cha maua na majani yanayonukia, ukasema ni harufu ya peponi, hujatia chumvi, umefuata maneno yaliyokuwapo. Hata Riyadha, msikiti aliouasisi Habib Swaleh hapo Lamu, jina lake maana yake ni mabustani. Kila Mfungo Sita, maulidi yanaposomwa, marashi yanaponyunyizwa na chetezo cha udi kinapozunguka, wanawake wa Lamu hutoa maua yao kwa mapenzi hayo hayo. Bibi yako bila shaka alitoa ya mti huo.

Kuna jambo jingine ambalo halimo vitabuni, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Mwasumini wetu karibu hauzai mbegu. Tazama miaka yote, utaona ua linageuka rangi kuelekea waridi au zambarau hafifu, linanyauka, linadondoka, na tunda halipo. Haupelekwi na ndege, haubebwi na maji, haujioteshi jaani. Kila mwasumini ulioko Lamu ulikatwa kwenye mwasumini mwingine na mtu, akampa mtu. Bibi yako alipewa kijiti na mama yake, au shoga yake, au mama mkwe, na huyo naye alipewa, hivyo hivyo kurudi nyuma hadi jahazi iliyoleta wa kwanza kutoka ng'ambo. Na kijiti kikishika mizizi siyo mtoto wa mti ule. Ni mti ule ule, mwili mmoja unaoendelea mahali pengine. Ukiniuliza mwasumini una maana gani, nitakujibu hivyo: ni ua ambalo haliwezi kufika popote isipokuwa kwa mtu kumpa mtu.

Basi twende kazini. Kwanza hakikisha ni mwasumini kweli, kwa sababu huku pwani kuna miti kadhaa ya maua meupe inayoitwa asumini kwa mazoea. Vunja jani moja. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo ni mti mwingine, ule wa maua meupe yaliyopindapinda unaopandwa sana kwenye bustani za hoteli hapa Malindi. Mwasumini hautoi maziwa. Kwa maelezo yako sina wasiwasi, lakini jaribu.

Pili, jua. Hapa naogopa zaidi kuliko mkasi. Kiwanda cha nyumba ya Lamu ni kidogo na kuta ni ndefu, na miaka hii watu wameongeza ghorofa. Mwasumini unataka jua lisilopungua saa sita kwa siku ili uchanue vizuri. Chukua kipande cha mkaa. Asubuhi jua linapogusa mti mara ya kwanza andika saa ukutani, na linapouacha andika tena. Fanya hivyo siku tatu. Ukipata saa sita au zaidi, mti utakulipa. Ukipata mbili, utapata majani mazuri na maua ya kuhesabu, hata ukipogoa vipi, na itabidi upate mti wa pili juu ya paa, kwenye pipa. Nitafika huko.

Tatu, maji. Onja maji ya kisima chenu. Visima vingi vya mji vina chumvi. Maji matamu ya kisiwa yamehifadhiwa chini ya michanga ya Shela. Kama majani ya mwasumini yana kingo za kahawia zilizokauka kama zimeunguzwa, hiyo ni chumvi. Kinga maji ya masika kutoka paani na uyatunze kwa ajili ya mti. Mwagilia kwa wingi mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi, na uache udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi ni kuirundika chumvi mizizini.

Majani yakiwa ya manjano huku mishipa imebaki kijani, hilo ni jambo lingine. Udongo wa Lamu umejaa chokaa ya matumbawe, na chokaa huufungia mti madini ya chuma. Chuma kimo ardhini, ila mizizi haikipati. Mboji iliyooza vizuri husaidia sana, kuliko mbolea ya dukani. Usiache mafundi wakakorogea chokaa au saruji karibu na shina.

Samadi ya punda unayo mlangoni, na ni nzuri, lakini nisikilize. Nilipokuwa msichana nilibeba samadi mbichi, bado ina mvuke, nikaumwagia mwasumini wa shangazi yangu ndoo mbili kwa kupenda kumfurahisha. Kwa wiki moja majani yaliinama, wiki ya pili yakaanguka. Mizizi ilikuwa imeungua. Shangazi hakunigombeza, alinikalisha akanionyesha mizizi iliyokuwa imegeuka nyeusi, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kazi hii. Irundike samadi, ifunike, igeuze, uiache miezi mitatu au minne mpaka isinuke tena na ivunjike mkononi kama udongo. Kisha utie ndoo moja, mbali kidogo na shina, kabla ya mvua. Na usizidishe, mti ulioshibishwa samadi huota majani tu.

Mkasi sasa. Umeniandikia huku kaskazi ikielekea mwisho, na wakati ni huu, kabla masika hayajaanza. Punguza maji wiki mbili. Kisha toa matawi yote makavu hadi kwenye shina, yale yanayolala chini, na yale yanayosuguana. Yaliyobaki yafupishe mpaka kimo cha paja lako. Najua utaogopa. Mama yako huenda akalia akiona, kwa hiyo mweleze kabla, au ukate nusu mwaka huu na nusu mwakani. Nusu nusu ni polepole lakini ni salama kwa mti mkongwe na kwa moyo wa mwenye nyumba. Noa mkasi, uufute kwa spiriti, kata juu kidogo ya kifundo chenye macho. Fagia chini yote. Tia samadi iliyoiva, mwagilia vizuri, subiri. Machipukizi utayaona baada ya wiki chache, na matumba miezi miwili au mitatu baadaye. Tangu hapo, kila baada ya mkupuo wa maua, vunja ncha. Utitiri na vidung'ata wakitokea nyuma ya majani, waoshe kwa maji ya nguvu, kisha nyunyiza maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kuchujwa, jioni, siyo juani.

Usiyatupe matawi uliyokata. Chagua yasiyo machanga sana wala magumu, unene wa penseli nyembamba, ukate vijiti vya kiasi cha sentimita 15. Acha majani mawili juu, toa ya chini, uchomeke nusu ya kijiti kwenye mchanga mtamu uliochanganywa na mboji kidogo. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Funika kila kimoja kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini, mchanga usikauke wala usielee maji. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo. Kikikataa kutoka, kimeshika. Chomeka kumi hata kama unataka miwili, maana vingine vitakufa. Mmoja upeleke juu ya paa kwenye jua. Mwingine mpe yule jirani aliyekwambia ukate.

Matumba yakianza, usingoje yafunguke. Ukiyachuma usiku yakiwa wazi, asubuhi yatakuwa yamelegea. Yachume baada ya alasiri, yale yaliyokwisha kuwa meupe kabisa na kujaa. Yenye ukijani yaache ya kesho. Yaweke kwenye kitambaa kibichi, umpelekee mama yako na sindano na uzi, na mkono wa majani ya mrehani pembeni kwa ajili ya kikuba. Harufu ya rehani na ya asumini zina kemikali moja wanayoshirikiana, iitwayo linaloli, na huenda ndiyo sababu wazee wetu walizifunga pamoja bila kuambiwa na mtu. Mwache mama atunge, wewe kaa karibu utazame anavyopitisha sindano kwenye kikonyo. Atakuwa amefunzwa na bibi. Yatafunguka yenyewe yakiwa tayari uzini, wakati wa isha.